Nilivyoonekana Mlevi Kwenye Posa

Naona aibu mpaka leo, lakini bora mlisikie kwangu kuliko kwa dada yangu, ambaye ameshalitangaza Dongobesh nzima na chumvi ameongeza.

Mimi ni mzee wa kanisa, pombe sigusi. Figo zangu ndizo zilizokufa, nasafishwa damu mjini mara mbili kwa wiki, na aliyekuwa akijua ni mke wangu tu (wengine niliwaambia nafuata biashara ya vitunguu saumu). Ugonjwa wenyewe haukuridhika na figo, ukapanda mpaka machoni: yanakauka, yanakereketa kama yana mchanga, yanakuwa mekundu, na yakipigwa na upepo yanamwaga machozi ovyo. Daktari akanipa dawa ya matone. Sasa siku ya kwenda Getanuwas kumposea Paskali, mtoto wa marehemu kaka yangu, nikakiacha kile kichupa mezani makusudi, nikisema msemaji wa ukoo hawezi kuinua kichwa mbele ya wakwe kama kuku anayekunywa maji. Nikavaa miwani ya jua, nikajiona.

Kutoka Katesh tukapanda pikipiki, vumbi na upepo vikafanya kazi yao. Tulipofika nikamwinamia bibi wa binti.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Mbona unanisalimia umejificha? Vua hiyo."

Nikavua. Wote wakayaona macho mekundu. Baba wa binti akakohoa, akaagiza maziwa, yakaja kibuyu kizima, na mimi kunywa napimiwa kwa kikombe na maziwa nimekatazwa, basi nikasema nimeshiba.

"Umeshiba nini na umetoka safarini?" mzee akauliza.

Nikainuka haraka niokoe hali, kizunguzungu kikanibeba, nikayumba, nikajishikiza kwenye bega la bibi (la bibi, jamani!), na machozi nayo yakaanza kumwagika.

"Huyu amelewa," mzee akasema. "Na mlevi akishaanza kulia ujue amefika. Binti yangu haendi kwenye ukoo unaokuja kuposa umelewa."

Paskali akapiga magoti. "Baba, huyu hanywi! Ni mzee wa kanisa!"

"Ndio hao hao."

Hapo nilikuwa na nafasi ya kusema ukweli, na mimi na akili zangu timamu nikasema ni mafua. Wakacheka mpaka watoto. Paskali akasimama kuaga, miaka mitatu amemngoja yule binti, nikaona ninamvunjia nyumba hata hajaijenga, ndipo nikapasuka:

"Ni figo! Macho ni figo, maziwa ni figo, kuyumba ni figo!"

Nikapandisha mkono wa shati niwaonyeshe mshipa wa kusafishia damu. Bibi akaugusa, akaruka nyuma.

"Yesu! Humu kuna kitu kinanguruma!"

Nikawaambia ni damu inayopita humo kwa kasi, basi wakaupapasa mmoja mmoja, ukoo mzima, mimi nimenyoosha mkono kama mwizi aliyekamatwa. Mzee akanitafutia kivuli mwenyewe, akasema posa wameipokea, ila ya mahari wataongea na msemaji mwenye afya.

Njiani nikategemea Paskali atashangilia. Tulipokaribia Katesh akasema taratibu, "Baba mdogo, kwa hiyo wakwe wamejua kabla yangu."

Nimeapa, ugonjwa wangu watu wa nyumbani kwangu watausikia wa kwanza, hata uwe wa ukucha.