Bakuli la Mama

Daktari amenikataza nazi, pilipili na muhogo kwa ajili ya tumbo langu la siku nyingi. Juzi nikajitenga na sinia, nikala ndizi za kuchemsha kwenye bakuli langu.

Nikamkumbuka mama, kule Gando, mchana mmoja nikiwa mdogo, nyumba imejaa harufu ya mchuzi wa pweza. Alikaa pembeni na uji mtupu. Nilidhani ametususia. Nikafinyanga tonge la wali na pweza, nikampelekea mdomoni.

“Mama, tuwie radhi.”

Aliweka chini bakuli lake la uji.

“Yamekwisha, mwanangu,” akasema, akalimeza lile tonge.

Jioni nilimsikia chumbani akiugulia tumbo. Nikadhani hasira ndiyo inayomuuma.

Jana, nikiwa tena pembeni na bakuli langu, binti yangu kanijia na tonge mkononi, mchuzi wa nazi ukimchuruzika hadi kiwikoni. Nikafungua mdomo.