Wanaume Wasioguswa

Nilipokuwa mtoto, meno ya utoto bado hayajanitoka yote, nilipewa kazi ambayo sijasikia mtoto mwingine akipewa: niliwapima nguo wanaume ambao hawakuruhusiwa kuguswa na mtu. Nikiwasimulia wajukuu wangu wanacheka, wanadhani ni moja ya zile hadithi zangu. Siwalaumu. Mtu aliyezua mambo tangu utotoni hawezi kununa akikosa kuaminiwa uzeeni.

Baba yangu, Papa Saidi, alikuwa fundi cherehani hapa Kisangani. Alikuwa na kibaraza mtaa wa Makiso, karibu na bandari. Mama yangu alifariki ningali nanyonya, kwa hiyo Papa alinichukua kila alipokwenda. Koko, yaani bibi yangu mzaa baba, alitaka nibaki nyumbani nijifunze kutwanga lituma, ugali wetu wa ndizi, kama wasichana wengine. Papa alimjibu kuwa nyumbani Koko ana majirani wa kuongea nao, ila yeye barazani hana mtu isipokuwa mimi.

Na kweli tuliongea. Mimi nilimwambia kuwa cherehani yake ni mbuzi, kwamba uzi ukikatika ni mbuzi amepaliwa, na kwamba usiku hulia njaa tukimwacha peke yake. Baba mwingine angesema acha upuuzi. Papa alianza kuacha kipande cha kitambaa chini ya sindano kila tulipofunga, na asubuhi aliniuliza kwa uso mkavu kabisa: "Alors, Zaina, mbuzi yetu amelala muzuri?" Koko alimgombeza. Mtoto umleavyo ndivyo akuavyo, alisema, na huyu atakua hajui lililopo na lisilokuwepo.

Uhuru ulipokaribia, watu wote walitaka shati jipya la kuupokelea, na Papa alishona mpaka miguu ikamvimba. Mimi nilimweleza kuwa Uhuru ni mtu mnene, anakuja kwa meli, na hatapata suruali ya kumtosha mji mzima. Papa alinyanyua utepe wake wa kupimia akaupima upepo. "Kiuno iko hivi, ao zaidi?" Zaidi, nikasema. Siku meli ilipofika alifunga kazi tukaenda bandarini kumtazama. Walishuka akina mama na samaki wao wa kukaushwa, wakashuka wanajeshi, wakashuka mbuzi wa kweli. Tulirudi tukila makemba, zile ndizi kubwa, ya kukaanga, na Papa akanifariji kuwa labda mgeni wetu ameshukia Lubunga, ng'ambo ya mto, kwa watu wake.

Miaka michache baadaye walikuja waasi.

Mimi sijui siasa yao na sitajifanya naijua. Najua kuwa waliuchukua mji, maduka yakafungwa, na vijana waliovaa majani vichwani wakawa ndio serikali. Kila mmoja wao alikuwa amekunywa dawa. Walichanjwa chale kwenye paji la uso na kifuani, wakapakwa majivu, wakanyunyiziwa maji, na tangu hapo risasi ikiwafikia iligeuka maji. Hivyo ndivyo walivyoamini, na sisi wengine tuliamini pia, au tulinyamaza, na wakati ule ilikuwa vigumu kujua tofauti. Ila dawa ilikuwa na miiko. Aliyechanjwa hakutazama nyuma vitani. Hakupeana mkono na mtu. Mtu asiyechanjwa akimgusa tu, hata kwa bahati mbaya sokoni, dawa ilimtoka, akabaki nyama tupu mbele ya bunduki.

Sasa waasi walikuwa wamechukua majora ya vitambaa madukani, na komanda wao alitaka watu wake wavae sare moja. Wakaja kumchukua Papa na cherehani yake. Mwenye nguvu mpishe. Papa hakubisha, aliomba tu aje na mtoto wake kwa kuwa hana pa kumwacha, jambo ambalo halikuwa kweli. Nadhani aliogopa kwenda peke yake.

Kambi ilikuwa Simi-Simi, kwenye kiwanja cha ndege. Papa aliweka cherehani chini ya paa la bati, akapanga chaki na pini zake, akaita wa kwanza. Kijana akaja. Na Papa, kwa mazoea ya maisha yake yote, akanyoosha mkono kumshika bega.

"Usiniguse!"

Kijana aliruka nyuma na bunduki ikamwelekea Papa kifuani. Wengine wote waliinuka. Papa alisimama na utepe ukining'inia mkononi. Fundi cherehani alikuwa ameletwa kuwashonea watu asioweza kuwapima, na wote walikuwa wamelisahau jambo hilo mpaka dakika ile.

Aliyetuokoa alikuwa mama mzee mwenye kutengeneza dawa yao. Alitoka kivulini polepole, akanitazama mimi, si Papa.

"Mutoto huyu iko wa nani?"

"Wa kwangu, mama."

"Anajua mambo ya dunia?"

"Apana, mama. Iko mudogo kabisa."

"Bon. Mutoto msichana mudogo ni safi. Yeye anaweza kuwagusa."

Ndivyo nilivyopata kazi. Nilipanda juu ya sanduku la bia, nikazungusha utepe shingoni, kifuani, kiunoni, nikabana kwa ukucha mahali ulipokutania, kisha nikashuka nikampelekea Papa asome namba, maana mimi nilikuwa sijui. Wanaume wale walisimama kimya kama watoto wanaonyolewa. Hawakuwa wameguswa na mtu kwa siku nyingi, na sasa naelewa kwa nini wengine walifumba macho.

Kama kawaida yangu, sikuweza kufanya kazi kimya. Huyu ana samaki tumboni, nilimwambia Papa. Yule ana moshi. Papa, mdomo umejaa pini, alinikazia macho ninyamaze. Kijana mmoja wa Yanonge, aliyeitwa Lokwa, alisikia akacheka.

"Na mimi? Mimi niko na nini?"

Nikaweka sikio kifuani kwake. "We iko na ndege. Iko nalala."

Wiki ile Lokwa alipelekwa kupigana, na wengi wa wenzake hawakurudi. Yeye alirudi. Akaja moja kwa moja pale kwenye bati akasema mbele ya watu wote kuwa mtoto wa fundi alikuwa amemwona ndege kifuani, na kwamba ndege yule ndiye aliyemkinga.

Basi tena. Kuanzia siku ile hakuna aliyekuja kupimwa suruali tu. Walipanga mstari, wanaume wenye ndevu na bunduki, na kila mmoja aliniuliza kwa sauti ya chini kama yeye naye ana ndege. Wengine niliwaambia ndiyo. Wengine niliwaambia hapana, kwa kuwa sikusikia kitu, na hao waliondoka wamekunja uso, wasile siku hiyo. Tukirudi nyumbani jioni Papa alinisihi.

"Zaina, mama yangu, kesho upe kila mutu ndege. Hata wale wabaya."

"Lakini Papa, bengine hawana."

"Basi uwape ya kwangu."

Nilikataa. Niliona ni kitu cha thamani, asimpe mtu. Siku hizi nikikumbuka jibu langu huwa sijui nicheke au nilie, kwa kuwa alikuwa ananiomba tu nimsaidie kunificha na mimi sikuwa na akili hiyo. Yule aliyeniruhusu kuiita cherehani mbuzi alikuwa sasa anaiogopa kila hadithi inayotoka kinywani mwangu, na hakuweza hata kuniambia ninazua, maana aliyekutwa akiwazulia wapiganaji alijulikana anapelekwa wapi.

Mmoja wa wale niliowanyima ndege alikufa vitani. Hapo komanda akaja mwenyewe. Jeshi la serikali lilikuwa linaukaribia mji, na yeye alikuwa anapeleka malori barabarani kulizuia. Alisema mtoto atapanda lori la mbele, awatazame watu wake kabla ya mapigano, awatenge wenye ndege na wasio nao. Asubuhi ya kesho.

Papa alitema pini mkononi. Sikuwahi kumsikia akiongea vile, kwa sauti nyembamba.

"Komanda, nakuomba. Mutoto huyu anazua tu. Anasema hata cherehani yangu ni mbuzi."

Komanda aliigeukia cherehani.

"Na wewe, papa, unajuaje kama haiko mbuzi?"

Papa alizirudisha pini zake kwenye kopo, moja moja.

Alijaribu mto. Jioni ile tulishuka kwa wavuvi aliowafahamu, watu aliowashonea mashati ya uhuru, akawaomba watuvushe Lubunga. Walikataa. Ufuko wote ulikuwa na walinzi, na mtumbwi uliovuka bila ruhusa ulipigwa risasi. Mmoja wao alimpa Papa samaki, kwa aibu, kama mtu anayetoa pole msibani.

Asubuhi Papa aliomba apande lori nami. Hapana, wakasema, lori ni la waliochanjwa, yeye atawaharibia dawa. Basi nichanjeni, akasema.

Koko alikuwa ametufuata mpaka kambini akilia. Sisi ni Waislamu, watu wa swala tano, na jambo lile kwake lilikuwa shirki isiyo na kificho. Alimshika Papa kanzu. "Mwanangu, utamwambia nini Mungu siku ya hukumu?"

"Nitamwambia nilikuwa na mutoto, mama."

Yule mama mzee alimchanja. Niliona damu nyeusi ikishuka kwenye paji la uso la baba yangu na majivu yakipakwa juu yake. Kisha akampa miiko, na wa mwisho aliutamka akiniangalia mimi.

"Huyu mutoto ni safi kwa bengine. Kwa wewe apana. Damu inavuta damu. Ukimugusa mutoto yako, dawa inakwisha pale pale. Umesikia?"

"Nimesikia."

Lori lilijaa. Waliniweka mbele, juu ya gunia, na Papa alikaa nyuma karibu na mlango. Nilipomnyooshea mikono alitikisa kichwa. Nilipotaka kutambaa kwenda kwake, Lokwa alinirudisha kwa upole. Papa alikuwa amekumbatia magoti yake, vidole vimefungamana, na alinitazama safari nzima bila kupepesa. Nililia. Komanda aliniuliza nani ana ndege, nikatazama zile nyuso zote na kwa mara ya kwanza maishani mwangu sikuona kitu. Walikuwa watu tu, wamevaa sare tulizowashonea.

Tulikuwa bado hatujashuka lorini, magari ya jeshi la serikali yakatokea kwenye kona.

Nakumbuka wanaume wakiruka wakipiga kelele, "Mai! Mai!", wakiziamuru risasi ziwe maji. Nakumbuka wengine wakianguka na uso wao ukiwa umejaa mshangao. Mimi nilibaki nimesimama juu ya gunia peke yangu, katikati ya lori, kwa kuwa hakuna aliyeniambia nifanye nini. Papa alikuwa amekwisha shuka, alikuwa kwenye shamba la mihogo kando ya barabara, mahali pa salama. Aligeuka nyuma. Akarudi mbio, akapanda, akanibeba.

Lokwa alipiga ukelele: "Papa Saidi, usimuguse!"

Alinibeba mpaka kwenye mtaro, akanilaza, akanilalia. Nilisikia uzito wake ukiongezeka polepole.

Lokwa ndiye aliyenirudisha kwa Koko. Alisimama mlangoni, na alilia sana kijana yule, akasema: angeishi, koko, dawa ilikuwa nzima, alimugusa mutoto. Na hivyo ndivyo ilivyosemwa mtaani kwetu miaka yote niliyokua. Walisema kwa huruma, hata wale walioicheka dawa ya waasi baada ya waasi kuondoka. Saidi maskini, alimgusa mtoto wake. Koko hakuwahi kulisema, lakini hakuwahi kulikana, na mimi nikakua nikiogopa kumshika mtu ninayempenda. Mume wangu anajua ilivyokuwa kazi kunifundisha.

Nimekwisha zeeka, na akili ninayo. Wengine waliolala kwenye mtaro ule hawakuwa wamegusa mtu, na walikufa vilevile. Risasi haiulizi miiko. Hilo nalijua kama ninavyojua jina langu.

Nisilolijua ni kama Papa aliamini. Kwa miaka mingi niliomba awe hakuamini, awe alichanjwa kwa hila tu, ili kifo chake kiwe bahati mbaya kama vifo vingine vya siku ile na nisihusike nacho. Siku hizi siombi tena hivyo. Namkumbuka akisema "nimesikia", na uso wake haukuwa wa mtu anayedanganya. Kama hakuamini, alimchukua mtoto wake lorini kama ambavyo baba yeyote angefanya. Na kama aliamini, basi alijua tangu anapanda lile lori kwamba akinigusa anakufa, na alinibeba kwa mikono yote miwili.