Mahali Saksofoni Ilipoingia

Mwaka wa 1969 nilikuwa na miaka kumi na mmoja, na hapo taabu ilianza. Baba alikufa, nyumba ya kazi ikapewa mfanyakazi mwingine, na shule yangu ikaishia darasa la tatu. Nasema hivi mapema ili mtu asitafute maneno ya shule humu. Nilichojua nilijifunza nyuma ya pusupusu, kigari cha mkono, nikisukuma makala, makaa ya kupikia, na chumvi ya watu katika soko la Kenya, mtaa wa mji wetu, si nchi, mpaka nikawa na pusupusu yangu, kisha samaki zangu, kisha lori ya kuzileta kutoka njia ya Kasenga. Hakuna aliyenishika mkono.

Raha yangu ilikuwa moja: jazz ya Jumapili. Wakati ule kila orkestra ya hapa ilijiita jazz, hata kama ilipiga rumba tupu. Yetu ilipiga katika uwanja wa baa moja pale Kenya, kuanzia saa tisa, watu wakitoka misa na kubadilisha viatu. Gitaa tatu, ngoma, tarumbeta mbili, na saksofoni. Ukisikia saksofoni kwa redio, haujaisikia. Ukisimama mbele yake inakuingia kifuani, unaona mate yakidondoka, unaona mshipa wa shingo ya mpigaji.

Jazz ile ilikuwa na sheria yake. Wimbo wa kwanza ni wa kutembea. Wanaume wanazunguka upande huu, wanawake upande ule, mnapishana bila kugusana. Saksofoni ikiingia, ndipo unamkamata yule uliyefika mbele yake. Tuliojua nyimbo tulipunguza hatua kidogo, tukaongeza kidogo, ili tufike mbele ya mtu tuliyemtaka. Ndivyo nilivyofika mbele ya yule aliyekuja kuwa bibi yangu, mama ya watoto wangu. Akacheka.

"Unanishika sawa mufuko ya makala," akasema.

"Ni kazi yangu."

"Basi usiniangushe."

Tulicheza hivyo miaka mingi, hata wakati watoto walikuwa saba na magoti yanalia. Baa ilifungwa, orkestra ikahamia nyingine, tukaifuata. Wapigaji wakaanza kufa, mmoja mmoja. Tarumbeta zikaisha. Saksofoni ikabaki, mikononi mwa mzee yule yule, ambaye siku za kazi anashona viatu karibu na soko.

Bibi yangu alipolala na ugonjwa ambao haukumwacha, aliniita asubuhi moja, akaniambia: "Siku ya kutosha kilio yangu, usiniletee vijana na mabafle yao ya kupiga kelele. Lete bazee. Nataka saksofoni ilie pale yangu, pale inaingiaka." Nikamwambia ndiyo. Hilo ndilo neno la mwisho aliloniomba, mengine yalikuwa maji na blanketi.

Kwetu mtu akizikwa, kilio hakijaisha. Tunavaa nguo nyeusi, hatuchezi, mpaka siku ambayo ukoo wake na ukoo wako wanakaa pamoja, wanavua nguo zile, wanakula, wanacheza. Ndiyo kutosha kilio, kukiondoa. Na siku hiyo haipangwi na mume. Inapangwa na bukwe, watu wa upande wa mke.

Shemeki yangu, kaka mkubwa wa bibi yangu, alitaka tuifanyie Kasomeno, kwao, kwa mama yao. Mimi nilitaka Naviundu, katika uwanja nilioujenga mwenyewe, wenye sementi na umeme. Nilimwambia kwao hakuna umeme, na gitaa hazipigwi na upepo. Akaniambia dada yake hakuzaliwa juu ya sementi. Nikamwambia maneno mengine. Mimi niliyeanza na pusupusu nipangiwe na mtu anayeamka saa nne? Akaondoka bila kumaliza sahani yake. Mvua ikaja, ikaenda, hakuna aliyempigia mwenzake simu.

Katika miezi hiyo nilipita kwa mzee wa saksofoni. Alikuwa anaingiza sindano katika soli, akanionyesha meno yake mawili ya mbele kwa ulimi. Yalitikisika.

"Muzee, fanya mbio," akasema. "Nikipoteza hizi, saksofoni itakuwa bomba ya maji tu. Meno haingojake bukwe."

"Shemeki ndiye mwenye siku."

"Na kiburi ni ya nani?"

Nilicheka. Nikamwachia viatu vyangu vya kushona, nikaenda zangu.

Aliyemaliza ugomvi ni mama mkwe. Alipanda moja ya lori zangu zilizobeba samaki, akashuka kwangu, akakataa kiti. "Mutoto yangu iko mu kilio mupaka leo juu ya ugomvi yenu bawili," akasema. "Mufanye hapa. Mufanye hata mu barabara. Lakini mufanye." Tukafanya Naviundu. Nilishinda.

Lakini meno yalikwisha kuanguka. Nilimpeleka mzee kwa mtu wa kutengeneza meno, akampa mengine. Alijaribu. Sauti ilitoka kama mbuzi aliyefungwa vibaya. "Meno ya kununua inatembea mu kinywa," akaniambia, akayatia mfukoni.

Siku ilifika, Jumapili, saa tisa. Nguo nyeusi tulizivua. Orkestra ilikuja, wazee wanne, na mzee wa saksofoni akaja pia, akaketi mahali pake na chombo magotini, kwa heshima. Gitaa zikaanza wimbo wa kutembea. Wanaume upande huu, wanawake upande ule. Nilizunguka. Miguu yangu ilijua, ilipunguza, iliongeza. Tukafika pale pa saksofoni. Gitaa zilipiga peke yake, na mzee aliinamisha kichwa. Wale wa zamani walijua mahali, wakakamatana. Vijana hawakujua, wakaendelea kuzunguka wakifikiri dansi ni hiyo. Mimi nilisimama katikati yao.

Shemeki alinijia, akasimama kando yangu.

"Ni hapa iliingiaka?" akauliza.

"Ni hapa."

"Ningekubali tu tangu mwanzo."

"Hata mimi," nikasema. "Kasomeno kuna jenereta za kukodi."

Tukasimama pale mpaka wimbo ukaisha. Watu walisema sherehe ilikuwa nzuri, nyama ilitosha. Ni kweli ilitosha.

Leo nina kiwanja cha Naviundu na nyumba tatu ndani yake. Nina lori mbili, moja imelala bila injini. Nina friji mbili za samaki, depo moja ya kuuzia pale Kenya, uwanja wa sementi ambao watu wanakodi kwa harusi. Nina watoto saba na wajukuu. Nguo za bibi yangu watu wa kwao walizigawa siku ile, ni haki yao. Viatu vyake vya kuchezea viko kwangu, kwa sababu hakukuwa na mwanamke mwenye mguu mdogo hivyo.