Nusu ya Uso Iliyolala

Asubuhi ile chai ilinimwagikia kifuani nikadhani kikombe kina ufa. Nikachukua kingine. Nacho kikavuja. Binti yangu, aliyekuwa anapita na ndoo ya maji, akasimama mlangoni akanitazama kwa namna ambayo sikuipenda.

"Mama, hebu cheka," akasema.

Nikamuuliza nicheke nini mapema yote hiyo. Akanisihi. Basi nikacheka, na yeye akaweka ndoo chini akaanza kulia.

Upande wa kushoto wa uso wangu ulikuwa umelala usiku na haukuamka. Ndivyo nilivyosema tangu siku hiyo, umelala, kwa sababu neno kupooza sikulitaka nyumbani kwangu. Hospitalini walinipima, wakasema si kiharusi, ni mshipa wa fahamu wa usoni umevimba. Wakanipa vidonge, wakanifundisha kulibandika jicho kwa plasta wakati wa kulala, maana lilikataa kufumba. Majirani zangu wa mtaa wa Mabatini hawakuhitaji vipimo. Wao walisema ni upepo wa ziwani, na kila mmoja alimjua mtu aliyepigwa na upepo huohuo na akanieleza vizuri jinsi alivyokufa.

Kipindi kile niliota sana. Plasta ilikuwa ikiachia kabla ya alfajiri, jicho linabaki wazi na mimi bado nimelala, kwa hiyo chumba kiliingia ndotoni bila hodi. Niliona pazia likivuta pumzi. Niliona gati la Nansio, kule kisiwani nilikozoea kwenda kuuza vitambaa, na kabati langu la nguo limesimama majini mpaka magotini, limetulia, linasubiri meli. Siku nyingine marehemu mama yangu alikuwa ameketi pembeni ya kitanda akipanga vitenge vyangu kwa rangi, na nilipomsemesha akaweka kidole mdomoni. Nikiamka sikujua nimeona kipi kwa jicho na kipi kwa usingizi. Sikuogopa hata kidogo. Nikilala mchana nilitamani nirudi huko.

Vidonge vilipokwisha na uso uko vilevile, wakanielekeza kwenye chumba cha fiziotherapia, ambacho wagonjwa tunakiita tu mazoezi. Nilitegemea mashine kubwa yenye taa, au walau sindano. Nikakuta dada mmoja wa Kikerewe, mdogo kwa umri, mwenye taulo, beseni la maji ya moto na kioo.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Mashine iko wapi?"

"Ni hii hapa," akasema, akanionyesha viganja vyake.

Nilikaa, lakini moyoni nilinuna. Nimepanda kilima chote kile juani kuja kukandwa mashavu! Akaniwekea taulo la moto, kisha vidole vyake vikaanza kupita polepole kutoka kidevuni hadi sikioni, kutoka puani hadi kwenye paji la uso. Dirishani ziwa lilikuwa linametameta na mwanga wake ulicheza kwenye dari. Nikasinzia. Aliponigusa bega nilikuwa nimesahau kununa.

Akaniuliza nikipona nataka niweze kufanya nini. Wengine, aliniambia, husema wanataka kula vizuri au kupiga picha. Nikamwambia ukweli: nataka kigelegele. Mimi ndiye mwanamke anayeitwa kwenye harusi za watu ili nipige vigelegele; mtaani kwetu hata wasionipenda wananialika. Na safari hii sherehe ilikuwa ya nyumbani kwangu. Binti yangu alikuwa amevishwa pete, na sendofu yake, sherehe ya kumuaga kabla ya ndoa, ilikuwa imepangwa kiangazi. Kwetu bibi harusi hapiti mlango wa ukumbi mpaka mama yake aanze kigelegele, kisha wanawake wote wanamfuata. Mama yangu alinipigia mimi. Sasa midomo yangu haikukutana upande mmoja, na nikijaribu ilitoka pumzi tupu.

"Basi mama, usikijaribu tena mpaka nikuambie," akasema. "Tukae mbele ya kioo. Inua kona ya mdomo kidogo tu. Kidogo kuliko hivyo. Ukikaza, uso unajifunza vibaya."

Mtu aniambie mimi nisikaze! Jioni nilikuwa nateremka hadi mawe ya Igogo, mahali ambapo maji yanapiga kelele kuliko mimi, nikijaribu kigelegele, nikikaza mpaka shingo inauma. Nikapuliza maputo. Jirani akasema puto gumu ndilo zuri, nikanunua magumu. Mvua za masika zilipokuwa zinaisha mdomo ukaanza kusogea kweli, nikashangilia. Kisha binti yangu, ambaye alikuwa akikaa nami kila jioni mbele ya kioo, akagundua kitu. Kila nilipobana midomo, jicho la kushoto lilifumba lenyewe, kana kwamba namkonyeza mtu.

Yule dada aliponiona hakuhitaji kuuliza. "Mama, umekuwa unapiga vigelegele," akasema, na kwa mara ya kwanza sauti yake ilipanda. Akanieleza kwamba mshipa ulipokuwa unarudi niliuharakisha, nao sasa unapeleka habari ya mdomo kwenye jicho. Akanipokonya maputo. Tukaanza upya kwa mwendo wa konokono: kubana midomo kidogo huku jicho likibaki wazi, kupumzika, taulo, vidole, kioo. Nikamuuliza, nikiwa na hasira, kama mikono yake inaponya kweli au ni muda tu unapita.

"Wengi hupona hata nisipowagusa," akasema. "Siwezi kukuambia ni kiasi gani kazi ya mikono yangu na kiasi gani kazi ya muda. Lakini hilo jicho, mama, linahitaji mafunzo. Hilo ninalijua."

Nilimpenda kwa jibu lile. Tangu hapo nilitii. Jicho likapunguza ukonyezaji wake, chai ikakaa mdomoni, na ndoto zikaanza kuniacha moja baada ya nyingine, kwa kuwa sasa lilifumba usiku kucha. Nilizililia kidogo, nisidanganye. Kigelegele tu ndicho sikuruhusiwa kukigusa. Wiki ya sherehe yule dada alisema, "Siku hiyo piga, mama. Mara moja. Sijui kitatoka nini."

Mdogo wangu wa tumbo moja hakutaka kubahatisha. "Dada, mimi nitakufunika," akasema. "Wewe fungua mdomo tu, ukianza na sisi tunaingia hapohapo. Nani atajua?" Nikakubali. Niliona aibu kukubali, lakini nilikubali, nikalala vizuri.

Ukumbini mshereheshaji akaomba utulivu. Mlango ukafunguliwa, na pale mwisho wa zulia nikamwona mwanangu katika gauni la rangi ya machungwa, ameinamisha kichwa kama alivyofundishwa. Watu wakanigeukia. Nikaweka kiganja juu ya mdomo. Jaribio la kwanza likatoka upepo. Mtoto fulani akacheka. Nikapumua, nikabana midomo kidogo, kidogo kuliko hivyo, na ulimi ukaanza.

Kilikuwa chembamba na cha chini, kinavuja upande wa kushoto, na jicho langu lilikonyeza ukumbi mzima. Kwa pembeni nikamwona mdogo wangu na wanawake wa ukoo wakivuta pumzi ili wanifunike.

Mwanangu akainua kichwa. Bibi harusi hatakiwi kuinua kichwa. Akainua na mkono wake wenye hina, kiganja kikiwaelekea wao, akawazuia. Mdogo wangu akabaki kinywa wazi. Pumzi zote zile zikasubiri, na mwanangu akasimama mlangoni ananisikiliza, hapigi hatua.

Nikakasirika, Mungu anisamehe, nikatamani kumfinya. Kisha nikamwona machozi yanamteremka, na nikaelewa alichokuwa anakidai: changu, si chao. Nikapiga mpaka pumzi ikaniishia, peke yangu, na hakuna aliyenisaidia.