Jina Lililofutwa Kwenye Kona ya Ramani

Tarehe 14 Machi mwaka jana, halmashauri iligonga muhuri kwenye ramani ya nyumba ya ghorofa moja. Kwenye kona ya chini, penye nafasi ya mchoraji, palikuwa na jina la mkandarasi ambaye hakuwa amechora hata mstari mmoja. Aliyechora alikuwa chumbani kwake, akimsubiri dada yake amlipe.

Ana miaka thelathini na tisa, na wateja humwita Fundi Ramani. Anafanya kazi kwa kujitegemea katika chumba kilichokuwa cha watoto, penye meza, kompyuta na printa isiyovuta karatasi mpaka ipigwe kofi ubavuni. Kila mteja anaijua sheria yake. Ramani ya kuangalia hutoka na neno RASIMU limelazwa mshazari katikati. Ramani safi haitoki mpaka pesa iingie.

Sheria hiyo aliitunga dada yake, mwenye duka la vifaa vya ujenzi. Miaka ile Fundi Ramani alikuwa akipigwa danadana na kila mteja kwenye malipo, mpaka dada akachoka kumkopesha kodi. Alimuuliza kama amefungua ofisi au anagawa sadaka, kisha akasimama nyuma ya kiti kusimamia lile neno likiandikwa.

"Nenepesha herufi," alisema. "Nenepesha tena, mpaka choo kisionekane."

Zamu ya dada kujenga ilipofika, nyumba ilikuwa yake na ya mama yao, ambaye tangu avunjike nyonga hupika amekaa. Walikubaliana nusu ya bei ya kawaida. Kwenye mchoro Fundi Ramani alishusha meza ya jikoni, akaacha nafasi ya magoti chini yake, na pembeni akaandika kwa herufi ndogo: kiti cha mama. Rasimu ilipofika dukani, dada alicheka kwanza.

"Yaani na mimi ni mteja? Mdogo wangu, hilo neno nilikupa mimi."

Fundi Ramani aliona haya. Alilifuta, tena akatuma faili lenyewe, lile linaloweza kubadilishwa, ambalo hakuwahi kumpa mtu yeyote. Baada ya hapo, kila malipo yakitajwa, dada alisema mara mzigo wa dukani umekwama, mara dawa za mama zimepanda bei. Hakumsumbua. Unamdaije mtu aliyekulipia kodi?

Msingi ulipokamilika, alimpeleka mama kuuona. Ramani ilikuwa imebandikwa ndani ya kibanda cha mkandarasi, na mama, akiwa amekaza macho, ndiye aliyeyasoma yale maneno ya jikoni.

"Kumbe mmeniwekea na kiti," akasema, akifurahi.

Fundi Ramani akashusha macho mpaka kwenye kona. Jina lake halikuwepo. Mkandarasi, mtu mwenye heshima zake, alieleza bila kuulizwa sana kwamba kuchora ni kazi ya ziada na kwamba mwenye nyumba, yaani dada, alimlipa pesa yote ya kuchora, nusu kabla hajaanza. Alipoulizwa kiti cha mama ni nini, alisema mteja ndiye aliyetaka hivyo.

Jioni hiyo Fundi Ramani alikwenda dukani. Dada hakukana. Aliendelea kupima misumari kwenye mizani huku akisema kwamba mkandarasi alitaka ramani iwe na jina lake na alipwe kwa hiyo, la sivyo asingeshika kazi. Pesa iliyokuwepo ilitosha mtu mmoja tu.

"Yeye ningemnyima, angeondoka," alisema. "Wewe ungekwenda wapi?"

Fundi Ramani alitoka bila kuaga. Anasema pesa angeisamehe. Kilichomkaa kooni ni kujua kwamba dada alipiga hesabu na kumwona yeye ndiye wa kupunguza.

Mwezi huu ujenzi umefika kwenye ngazi. Zinagonga dirisha la bafu, na mkandarasi hajui kuzichora upya. Dada alituma ujumbe mfupi: mdogo wangu, nisaidie hizo ngazi. Jibu lilikuwa fupi pia. Bei kamili, pamoja na deni la zamani, nusu kwanza, na mchoro utatoka na RASIMU katikati.

Mpaka jana hakuna kilichoingia. Jumatatu Fundi Ramani anakwenda halmashauri na faili lake la kwanza, lenye jina lake, kuomba jina lililo kwenye kona ile libadilishwe. Dada ameshaambiwa. Mama bado.