Kitambaa cha Bi Rabab

Anastazia wa Nguvumali ni mtu wa nyaya tangu utotoni, na kazi yake anaipenda, asikudanganye mtu. Kila asubuhi huingia studio ya Bi Rabab, wanapohifadhi rekodi za harusi na kwaya za nusu ya Tanga, akatoa shikamoo yake, akapokea marahaba na kikombe cha chai ya tangawizi. Mtu atake nini tena?

Mwaka huu wamenunua seva, kompyuta kubwa ya kuhifadhia kazi zote, yenye umbo la kabati la chuma. Kazi ya Anastazia ni kuichomekea zile diski za zamani, moja baada ya nyingine, na kuhamishia humo kila kitu. Zote zilikubali, ikabaki moja, na hiyo ndiyo iliyomkaa rohoni: diski ya kwaya ya kambi ya mkonge, alimoimba marehemu baba yake, Rafaeli. Nakala nyingine hakuna, si kanisani, si nyumbani. Diski ikifa, na sauti ya baba ndiyo basi.

Akiichomeka, inaonekana. Akianza kunakili, haoo, imetoweka! Akabadili waya, akabadili tundu, wapi. Akaigusa: ya moto kama chapati iliyotoka jikoni sasa hivi.

Na sababu alikuwa akiiona kila siku. Kwa Bi Rabab hakuna kitu kisichovikwa kitambaa cha kufuma: redio kitambaa, friji kitambaa, na seva nayo kaivika, kitambaa cheupe cha maua, kikaning'inia hadi mbele inapovutia hewa. Anastazia naye, kwa adabu zake, diski aliiweka juu ya seva na kuifunika vizuri kwa kitambaa hicho hicho. Seva inahema, diski inaungua, naye anaona haya kusema! Jamani, adabu nyingine bwana.

Mwishowe akajikaza.

"Bi Rabab, kitambaa kinainyima seva pumzi."

"Kitambaa changu?" Bi Rabab aliweka sindano chini, kanuna. "Nimekifuma mwezi mzima, nisiache chuma uchi mbele ya wateja!"

"Kizuri, mama, haki ya Mungu. Lakini baba yangu yumo humu."

Bi Rabab akamtazama. Akanyanyuka, akakivuta kitambaa kwa mkono wake mwenyewe, akaigeuzia diski feni ya mezani, kisha akaketi karibu.

Wakasubiri. Diski ikapoa, ikatulia, ikanakilika yote. Anastazia akafungua wimbo wa kwanza. Kabla kwaya haijaanza, ikasikika sauti nzito ya mtu anayezuia kicheko: "Wewe Anastazia! Hebu toa mkono kwenye huo waya, utatuharibia."

Anastazia akaziba mdomo. Alikwisha kusahau kwamba siku ile naye alikuwapo, kitoto kisichotulia. Machozi yakamtoka, na kicheko humo humo.

Bi Rabab akamfunika mabega kwa kile kitambaa.

"Umemsikia baba yako?" akasema. "Na mpaka leo huo mkono hujautoa."