Kibuyu cha Umeme

Garsen haina mawe. Naanza na hilo kwa sababu ndilo watu walilonichekea nalo. Chimba hapa kimo cha mtu, utapata udongo mweusi, kisha mchanga, kisha maji. Mtoto wa hapa akitaka kumfukuza mbuzi, humrushia bonge la tope lililokauka. Sasa katika mji kama huo, mjane, mfugaji asiye na ng'ombe hata mmoja, anatoa mbuzi wake wawili wa mwisho ili apate mashine ya kusugua mawe. Walikuwa na haki ya kucheka. Mimi nami nilikuwa na haki ya kutosikia.

Ngoja nirudi nyuma kidogo, maana nikianzia kwenye mashine utadhani nilikuwa nimerukwa na akili.

Mvua ile ya Elnino ilitukuta tambarare. Maji yalikaa hadi tukazoea kulala na vyura. Ng'ombe walisimama juu ya tuta la barabara, kwato zikaoza, na maji yalipoanza kushuka yakaja maradhi. Ndama walitoka kabla ya siku zao. Ukiamka unasikia ng'ombe mmoja analia, kesho huyo naye halii. Mume wangu aliendelea kutoka kila asubuhi na fimbo yake, kana kwamba kuna kundi linalomngoja, na jioni anarudi na kuniambia majani yameota vizuri upande fulani. Alikaa hivyo mwaka mmoja, kisha akafa. Watu walisema ni kifua. Sawa, iwe kifua.

Nilipomaliza eda, akaja shemeji yangu, mdogo wake marehemu. Huyu alikuwa amehamisha ng'ombe wake mapema, wakapona, na tangu hapo akawa anazungumza kama mtu aliyeshauriana na mawingu. Ana wake wawili. Alikaa kwenye kigoda, akanywa maji, akasema:

"Shemeji, huna cha kukama."

"Najua. Mikono yangu imeniambia."

"Basi njoo nyumbani. Kuku hulala kwenye banda la mwenye mtama."

"Mimi si kuku."

"Sikusema wewe ni kuku."

"Umesema."

Akacheka. Hakuwa mtu mbaya, niseme ukweli. Lakini kwetu mjane hurithiwa, na yeye aliona jambo limekwisha, limebaki kubeba mizigo tu. Na mzigo wenyewe ni nyumba. Kwa sisi Waorma mwanamke ndiye mjenzi. Miti tunakata wenyewe, mikeka tunasuka wenyewe, nyumba ni ya mke. Ikihamishwa hukunjwa na kuwekwa juu ya punda. Mke wa mtu utamjua kwa mahali nyumba yake iliposimama. Nyumba yangu ilikuwa imesimama nyuma ya soko la Garsen, nami nilitaka ibaki papo hapo.

Nikamwambia maalimu ametusomea kwamba mwanamke harithiwi kwa nguvu kama sufuria. Akasema hakuna aliyetaja nguvu. "Nakupa kiangazi hiki," akasema. "Nikirudi na ng'ombe mvua ikianza, nikikukuta unajilisha mwenyewe, sisemi neno. Nikikukuta unaombaomba, nitakuja na punda."

"Njoo naye," nikasema. "Atapata matembezi."

Maneno yalikuwa matamu mdomoni. Alipoondoka nikahesabu nilichokuwa nacho: mbuzi wawili, sufuria, vibuyu vitupu vya maziwa vilivyoning'inia ukutani. Na kusoma kidogo, maana nilikuwa nimekwenda ngumbaru tukafundishwa hadi herufi za kuandika jina, kisha mwalimu akaoa na asirudi. Yaliyobaki nilijisomea kwenye karatasi za kufungia sukari. Ndiyo maana hadi leo naandika kama ninavyosema.

Wiki hiyohiyo akaja mpishi mmoja, Mpokomo wa kijiji cha Hewani, baiskeli yake imefungwa kitu kama sufuria ya plastiki juu ya kigoda cha chuma. Alikuwa amewapikia watu waliokuwa wakipima ardhi huko juu, na mkubwa wao alipenda mawe kuliko chakula. Walipoondoka walimwachia mpishi ile mashine. Yeye alikuwa na harusi ya binti yake, alitaka mbuzi. Mbele ya duka la yule mama wa Kisomali, jirani yangu, akaichomeka kwenye jenereta ya friji yake ya soda. Ikaanza kutetemeka. Haikuzunguka wala haikupiga, ilitetemeka tu, bakuli lote, juu ya springi zake.

Nami nikaijua. Hapo ndipo watu hawanielewi nikisimulia. Maisha yangu yote nimetikisa kibuyu cha maziwa mapajani hadi siagi ikatoka. Nikaona mtu amekiwekea kibuyu umeme.

"Hii ni ya samli?" nikauliza.

"Ni ya mawe, mama," mpishi akasema. Akatoa mfukoni jiwe jekundu, linang'aa kama ini la mbuzi aliyechinjwa sasa hivi.

"Lilikuwaje mwanzo?"

"Kama goti langu."

Nikalitazama goti lake. Nikampa mbuzi.

Alinipa pia makopo manne. La kwanza lina unga mzito wa msasa, la pili laini kidogo, la tatu laini zaidi, na la nne poda nyeupe ya kung'arisha. Kila unga una siku zake. Mawe hayakuwa shida kama watu walivyodhani, kwa sababu mume wa mama mwenye duka alikuwa na malori ya mifugo, yanapanda hadi Madogo na kurudi. Huko Madogo kuna kokoto za kila rangi, watu wanazikanyaga tu. Nikaagiza gunia moja. Dereva alilishusha mbele ya soko zima akasema kwa sauti, "Nani ameagiza mawe? Au mmekosa hata ya kupigana?"

"Ni yangu," nikasema. "Kutupiana hutupiana wasio na kazi."

Mama mwenye duka aliniruhusu kuweka mashine stoo, nyuma ya magunia ya mchele, nami nikawa namfagilia duka na kumchotea maji. Jenereta iliwaka asubuhi hadi magharibi, na mashine ikala humo humo.

Siku ya kwanza mpishi alikuwa bado hajaondoka, akanielekeza. Nikatia mawe, nikatia unga mzito, akasema tia maji. Nikatia. Akasema ongeza. Huyu ni mtu wa mto, kwao kitu kikioshwa huzamishwa. Migomba yao yenyewe huota miguu ikiwa majini. Tulipowasha, mashine ikanguruma tu na mawe yakakaa chini kama watu waliofiwa. Mpishi akakuna kichwa. Kumbe alikuwa akiiona kwa mbali tu, akiwa jikoni.

"Wewe ulikuwa unapika nini huko?" nikamuuliza.

"Wali."

"Basi hii umeipikia wali."

Nikamwaga maji. Kibuyu hakijazwi, kila mwanamke wa kwetu anajua hilo. Ukikijaza maziwa hayana pa kuangukia. Nikaacha nafasi juu, nikatia maji ya kulowesha tu, kama mtu anayenyunyizia unga wa chapati. Nikawasha. Mawe yakaanza kutembea, yanapanda kwa pembeni yanazama katikati, polepole, kama ng'ombe wanaozunguka kisima wakingoja zamu. Nilikaa nikayatazama hadi mama mwenye duka akaniuliza kama naswali.

Kila asubuhi nilikuta tope la unga limeganda kama saruji, kwa sababu ya kuzima usiku, nikajifunza kulilainisha kwa maji kidogo na kuyakoroga mawe kwa mkono kabla ya kuwasha. Siku zikapita. Mawe yakapoteza pembe. Watu wakaja kuangalia, wengine wakasema nafuga jini la stoo. Nikawaambia jini hili angalau linafanya kazi.

Sasa nakuja kwenye kosa langu, nalisema mwenyewe kabla hujaambiwa na mtu wa Garsen.

Mpishi alikuwa ameniachia onyo moja. Ukitoka unga mzito kwenda unga laini, safisha bakuli kuliko chombo cha mtoto mchanga. Chembe moja ikibaki itachora mawe yote. Nikaosha kwa maji, nikawasha na unga laini, muda si mrefu nikakuta mawe yamechorwa. Lakini tangu lini chombo kikasafishwa kwa maji peke yake? Kwetu maji ni ya kuanzia tu. Kibuyu cha maziwa hutiwa kaa la mti wenye moshi mzuri, kikafunikwa, kikatikiswa, na moshi ndio unaoua uchafu. Mama yangu alinifundisha hivyo, na mama yake alimfundisha yeye. Usiku wangu wa harusi vibuyu vyangu vilinuka moshi hadi wageni wakasifu.

Nikachukua makaa mawili mekundu, nikayatia ndani ya bakuli, nikafunika, nikatikisa.

Harufu haikuwa ya maziwa. Nilipofunua, plastiki imekunjamana kama uso wa mzee, na chini pana tundu la kupitisha vidole viwili. Mama mwenye duka aliingia akikimbia, akidhani stoo inaungua, akaniona nimeshika bakuli na koleo la makaa. Akaelewa papo hapo, kwani na wao hufukiza vyombo. Akakaa juu ya gunia la mchele akacheka hadi shela ikamwanguka.

"Abaayo," akasema, ndivyo Wasomali wanavyomwita dada, "sasa kanywe hayo maziwa ya mawe."

Mimi sikucheka. Nililala njaa siku hiyo, nikawaza punda. Nikaona nyumba yangu imekunjwa, mikeka imefungwa kamba, nami nafuata nyuma kwa miguu. Habari nayo haikukawia. Wachungaji waliotoka malishoni walinipa salamu za shemeji, kwamba amesikia nimepika mashine nikaiunguza, na kwamba ataleta punda wawili.

Hao wawili ndio walioniamsha. Mmoja ningemlilia. Wawili nikaona ni dharau.

Asubuhi nikaenda kwa fundi wa akala, anayekata viatu kwenye matairi ya malori. Nikamwambia, nikatie kiatu cha bakuli. Aliligeuza, akalinusa, akauliza kama limekula pilipili. Akakata tairi ya ndani, akalibandika kote kwa sulushni ya panchari, ndani na nje, akaliweka juani siku mbili na jiwe juu yake. Alipolirudisha lilikuwa baya kama kobe aliyegongwa, na zito. Nilipowasha, mawe hayakutembea. Nikapunguza mawe kwa konzi moja. Hayakutembea. Nikapunguza konzi nyingine, yakatembea, na kwa kimya zaidi kuliko mwanzo, raba inameza kelele. Ilibidi nianze upya. Yale mawe ya kwanza yalikuwa yamekwisha kuchorwa. Nikayatupa, isipokuwa moja jekundu, nililokuja kulitia mwishoni kwenye poda nyeupe pamoja na mengine.

Kuosha sasa niliosha kwa maji, mara tano, na kucha, na brashi ya kiatu. Moshi nikauacha nyumbani unapokaa.

Sikuwa na mtu wa kuniambia lini mawe yameiva. Niliyasikiliza. Maziwa yakikaribia siagi sauti ya kibuyu hubadilika, inakuwa nzito, kama mtu anayezungumza na mdomo umejaa. Mawe ni kinyume. Mwanzo yanalalamika, yanakwaruza. Yakiiva yanateleza tu, sauti kama shanga mkononi mwa msichana anayepita. Nilipoisikia hiyo nikazima. Nikaosha jiwe moja, likabaki linang'aa hata lilipokauka, na hapo ndipo mtihani ulipo, kwa sababu kila jiwe huwa zuri likiwa limeloa.

Mama mwenye duka alishika moja, hakucheka. Alilitazama kwa jicho moja kama anayechagua dhahabu. Alikuwa akienda Lamu kwa sonara wake, akachukua konzi moja amefunga kwenye leso. Sonara akasema si akiki, asidanganywe mtu, lakini lina mwanga, na wanaume wanaotaka pete ya fedha wasioweza bei ya akiki ni wengi. Akachukua yote, akataka mengine. Leso ilirudi na unga, sukari, majani ya chai, na mafuta ya taa. Nikapika. Nikala chakula changu nimekaa mlangoni pangu, mlango wazi, kila apitaye aone.

Mvua zilipoanza shemeji akaja. Punda wawili kweli, na kamba mpya. Nilimkaribisha ndani. Alitazama vibuyu ukutani akaona havina kitu, akaanza kutabasamu. Nikamwekea chai yenye sukari tele, na chapati, na nyama. Alikula. Alikuwa ametoka mbali, mtu mwenye njaa hula kabla ya kufikiri. Katikati ya chapati ya tatu akasimamisha mkono.

"Hiki chakula ni cha nani?"

"Ni cha nyumba hii."

Alitafuna polepole. Kwetu mtu akishakula ndani ya nyumba ya mwanamke amekubali kwamba ni nyumba, hawezi kuinuka akaikunja. Alikuwa anajua, nami nilijua kuwa anajua.

"Mawe hayatoi maziwa, shemeji," akasema.

"Wala ng'ombe hawatoi mawe. Kula."

Akamaliza. Akafuta mikono. Akasema, kwa sauti ya mtu mkubwa, "Basi nakuruhusu ukae."

"Sikukuomba ruhusa. Nimekukaribisha chai."

Akauliza, akitazama pembeni, kama kuna jiwe la kutosha pete ya mwanamume. Nikaingiza mkono chini ya mkeka, nikampa lile moja nililolihifadhi, jekundu, kubwa. Aliligeuza kwenye mwanga wa mlango, akalisifu. Macho yake yalikuwa yameanza kuchoka, hakuona kwamba lina mkwaruzo toka ncha hadi ncha.

Punda wakarudi kama walivyokuja, kamba mpya zimelegea mgongoni. Kitu pekee kilichotoka nyumbani kwangu siku ile kilikuwa mfukoni mwake.